Hakuna Aliyemuuliza Ami Ametoka Wapi

Ami alirudi kutoka Hija katikati ya Oktoba 2014 na dumu la zamzam, tende za Madina na kikohozi. Zamzam tuligawiana kwa vikombe vidogo vidogo, tende zikaisha siku ile ile, na kikohozi hakuna aliyekijali. Kwetu Mombasa, haji anayerudi bila kukohoa ndiye anayeshangaza watu. Mahema ya Mina, vumbi, baridi ya mabasini, watu zaidi ya milioni mbili wakipumuliana mahali pamoja kwa siku kadhaa: kifua cha mzee wa miaka 63 kitaachaje kulalamika?

Siku ya nne homa ikapanda, na pumzi zikaanza kumkata katikati ya maneno. Ami ana sukari ya miaka mingi. Mkewe akanipigia simu alfajiri kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasomea uuguzi, mwaka wa mwisho. Nikaita teksi, tukaenda hospitali.

Tulikaa kwenye benchi la mapokezi kwa saa tano. Nalikumbuka lile benchi kuliko ninavyoikumbuka sura ya daktari aliyemwona baadaye. La mbao, refu, limechakaa katikati kwa kukaliwa. Kushoto kwa Ami alikuwepo mama mjamzito aliyekuwa akijipepea kwa kadi yake ya kliniki. Kulia, mtoto wa kama miaka mitatu aliyemwagikiwa na chai mguuni, analia, bibi yake anambembeleza. Ami akikohoa, mtoto alinyamaza na kumtazama, kisha akaendelea kulia. Akaja mtu na fomu. Jina? Umri? Una bima? Unaumwa nini? Ami akajibu, "Kifua, mwanangu." Akaandika, akaenda zake.

Pale benchini, ili kupitisha muda, Ami akanisimulia safari. Kati ya Makka na Madina basi lilisimama kandoni mwa barabara, palipokuwa na ua wa ngamia. Mchungaji akakamua pale pale, akamjazia bakuli. "Lina povu, lina joto bado, kama limetoka jikoni." Alikunywa mabakuli mawili. Akamshika ngamia shingoni, akapiga picha. Akanionyesha kwenye simu: yeye na kanzu yake nyeupe, ngamia amegeuza uso, mdomo wake uko karibu na bega la Ami.

Mimi nilikuwa nimefundishwa. Wiki chache tu kabla ya hapo mwalimu wetu alikuwa ametutajia ugonjwa mpya wa mapafu kutoka Uarabuni, unaosababishwa na kirusi cha jamii ya korona, unaohusishwa na ngamia, unaoua zaidi wazee na wenye sukari. Nilikuwa na mgonjwa mwenye sukari, mzee, ana homa, anakohoa, ametoka Saudia, amekunywa maziwa mabichi ya ngamia. Nilikaa naye saa tano na sikunyanyuka kumwambia mtu yeyote. Niliona haya. Niliona kama ningejifanya najua kuliko waliosoma. Nimelijutia jambo hilo kwa miaka mingi, na ndilo linaloniandikisha haya leo.

Tena si kwamba nchi ilikuwa imelala. Ilikuwa macho, ila ilitazama upande mwingine. Ami alipotua Nairobi alielekezewa kile kidude cha kupima joto kilicho kama bastola, akaulizwa swali moja: je, umepita Guinea, Liberia au Sierra Leone? Ndio wakati Ebola ilipokuwa ikiangamiza watu Afrika Magharibi, na swali lile lilikuwa la haki kabisa. Ami akajibu hapana, na kweli hakupita huko. Akaruhusiwa.

Alilazwa siku sita, akatundikiwa dawa za mshipani, akapona. Daktari alisema ni nimonia. Hakupimwa kirusi chochote, na huenda ilikuwa nimonia ya kawaida tu inayowapata mahujaji kila mwaka. Lakini mimi tangu siku ile nilianza kusoma kila nilichokipata juu ya ugonjwa huu, na kadiri nilivyosoma ndivyo benchi lile lilivyozidi kunitisha.

Jina lake ni MERS, ugonjwa wa mfumo wa kupumua wa Mashariki ya Kati. Mwezi Juni 2012, katika hospitali moja ya Jeddah, aliletwa mwanamume wa miaka 60 mwenye nimonia kali, na figo zake zikaacha kufanya kazi. Mtaalamu wa virusi wa hospitali ile, Mmisri aitwaye Ali Mohamed Zaki, alimpima virusi vyote alivyovizoea, hakuona kitu. Wengi wangeishia hapo, maana mgonjwa alikuwa ameshafariki. Zaki akajaribu kipimo kinachonasa jamii nzima ya virusi vya korona, na kikajibu. Akatuma sampuli kwa mtaalamu mwenzake wa virusi, Ron Fouchier, kule Rotterdam, Uholanzi, na mwezi Septemba akatoa taarifa kwenye mtandao wa ProMED ambako madaktari wa dunia hupashana habari za magonjwa mapya. Siku chache tu baadaye, London, wakagundua kwamba mgonjwa wao, mtu wa Qatar aliyekuwa mahututi, ana kirusi kile kile karibu herufi kwa herufi. Wasingejua cha kutafuta kama Zaki asingesema. Yeye mwenyewe malipo yake yalikuwa kupoteza kazi na kurudi Cairo.

Kisha watu wakatazama nyuma. Ikaonekana kwamba miezi miwili kabla ya yule wa Jeddah, Aprili 2012, kulikuwa na mlipuko wa nimonia katika hospitali moja mjini Zarqa, Jordan, na miongoni mwa waliougua walikuwemo wauguzi. Sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa zilipopimwa, ni kirusi hicho hicho. Kabla hakijapewa jina kilikuwa kimeshaingia wodini.

Na wodini ndiko kinakokaa vizuri zaidi, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Huko nje, barabarani na sokoni, MERS haisambai kirahisi kutoka mtu hadi mtu. Kirusi hiki hujishika kwenye protini iitwayo DPP4. Kwa ngamia, protini hiyo imejaa puani, ndiyo maana ngamia hupata mafua mepesi na kumwaga kirusi kwa makamasi. Kwa binadamu iko zaidi chini kabisa ya mapafu. Kirusi kikishafika kule chini kinamjeruhi mtu vibaya sana, lakini kutoka nje hakitoki kwa wepesi. Kinatoka pale mgonjwa anapokuwa taabani, anakohoa kwa nguvu, anawekewa mpira wa kupumulia, anafyonzwa makohozi. Yaani kinatoka mikononi mwetu sisi, na katikati ya watu ambao miili yao imeshachoka.

Al-Hasa, mashariki ya Saudia, Aprili na Mei 2013, ndipo jambo hili lilipoonekana wazi. Wagonjwa 23 walithibitishwa, na karibu wote waliambukizwa ndani ya hospitali, wengi katika chumba cha kusafishia damu wenye maradhi ya figo. Fikiria chumba kile: vitanda vimepangwa safu, mtu amelala saa nne na mashine yake, jirani yake anakohoa, muuguzi anatoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wagonjwa wa figo wanarudi mara mbili tatu kwa wiki, vitanda vile vile, jirani yule yule. Hadi katikati ya Juni, 15 kati ya wale 23 walikuwa wamefariki.

Kilichouzima moto ule hakikuwa dawa, kwa sababu dawa haikuwepo na mpaka leo hakuna dawa mahususi ya MERS. Walitenga wagonjwa, wakakaza kuosha mikono, wakavaa barakoa na glavu, wakasafisha vyumba, wakafuatilia kila aliyekuwa karibu na mgonjwa kwa siku 14, ambazo ndizo ukomo wa kirusi kujificha mwilini kabla ya dalili. Mambo ya sabuni na maji na daftari. Mwaka uliofuata, Jeddah, walipozembea katika hayo hayo, kesi zikafurika kiasi kwamba mwezi Aprili 2014 waziri wa afya akaondolewa. Ami alikwenda Hija miezi sita baada ya hapo.

Kisa cha Korea Kusini nimekisoma mara nyingi na bado kinanisisimua mwili. Mzee wa miaka 68 alirudi nyumbani tarehe 4 Mei 2015 kutoka safari ya kibiashara katika nchi za Ghuba. Wiki moja baadaye akaanza kuugua. Akaenda zahanati, haikumsaidia, akaenda hospitali, akahamia nyingine. Hatimaye daktari mmoja alimshuku na kuomba apimwe, lakini kilichotajwa kwanza ni kwamba ametoka Bahrain, na Bahrain haikuwa kwenye orodha ya nchi zenye MERS. Kipimo kikachelewa. Ilipofika tarehe 20 Mei ndipo ikathibitishwa, na kufikia hapo alikuwa ameshapita hospitali kadhaa, amekohoa kila mahali.

Mmoja wa aliowaambukiza alikuwa kijana wa miaka 35 aliyelazwa wodi moja naye. Huyu akapanda basi hadi Seoul, akaingia katika idara ya dharura ya hospitali kubwa yenye sifa. Akakaa mle siku tatu, kwa sababu vitanda vya juu vilikuwa vimejaa. Katika siku tatu zile aliambukiza watu 82. Hesabu yao ilifanywa kwa uangalifu: 33 walikuwa wagonjwa, 8 wahudumu wa afya, na 41 walikuwa watu waliokuja kutazama au kuuguza ndugu zao.

Arobaini na mmoja. Nusu ya wote. Wakorea wana desturi kama yetu, mgonjwa haachwi peke yake. Mke analala kwenye kijitanda kando ya mumewe, binti analeta chakula, marafiki wanakuja kujulia hali. Nilipoisoma namba hiyo niliwaona mama na shangazi zangu na vyombo vyao vya uji kwenye wodi zetu, na mkeka uliokunjwa chini ya kitanda. Mtu aliyebuni sheria ya kufukuza watazamaji hakuwa ameuguza mtu katika hospitali ambayo muuguzi mmoja ana wagonjwa arobaini. Bila ndugu, mgonjwa wetu hageuzwi, hanawishwi, halishwi. Kinachowezekana ni ndugu mmoja badala ya sita, avae barakoa, aonyeshwe namna ya kunawa, na aambiwe kwa nini. Hilo la kuambiwa kwa nini ndilo huwa linasahaulika.

Serikali ya Korea mwanzoni ilificha majina ya hospitali zenye mlipuko, ikihofia taharuki. Watu wakaendelea kuzijaza hospitali zile zile bila kujua. Majina yalitangazwa tarehe 7 Juni, na hapo tena maji yalikuwa yamemwagika. Mlipuko ulipokwisha, waliougua walikuwa 186, waliofariki 38, na waliowekwa karantini karibu 17,000, kutoka kwa msafiri mmoja. Lakini nawasifu kwa kilichofuata: walibadilisha sheria zao. Waliruhusu vipimo kupitishwa haraka wakati wa dharura, na wakaweka utaratibu wa kuwaeleza wananchi mgonjwa alipita wapi. Korona mpya ilipowafikia mwaka 2020 walikuwa wanapima watu kwa maelfu, wakati nchi nyingine tajiri zikiwa bado zinatafuta vijiti vya kuchukulia sampuli.

Mwaka 2017 nilipata kazi Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Mtoto wa pwani, ngamia niliowajua ni wale wa ufukweni wanaopandwa na watalii. Huku nikakuta ngamia ndiye benki, shamba, gari na mahari. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni nne Kenya, karibu wote wakiwa kaskazini. Asubuhi mapema kina mama wanafika mjini na mitungi ya maziwa, wanayakusanya, na kabla jua halijakaza basi limeshaondoka kuelekea Eastleigh, Nairobi. Mitungi hufukizwa moshi wa kuni maalumu ili maziwa yasiharibike, na harufu ile ya moshi ukishaizoea, chai isiyo nayo inakuwa kama haina kitu.

Na kirusi kiko huku. Wanasayansi walipoanza kumfuata ngamia mwaka 2013, walianzia Oman. Damu ya ngamia 50 ilipimwa, na wote 50 walikuwa na kingamwili, alama kwamba wamewahi kuambukizwa. Ndipo watu wakafungua majokofu ya zamani. Damu ya ngamia iliyochukuliwa Somalia na Sudan mwaka 1983 na 1984 ilikuwa na kingamwili hizo. Ya Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992, nayo pia. Maana yake kirusi hiki kilikuwa kikizunguka puani mwa ngamia wetu miaka ishirini na zaidi kabla ya yule mgonjwa wa Jeddah, na ngamia wa Pembe ya Afrika wanavushwa baharini kwenda Uarabuni kila mwaka kwa ajili ya nyama.

Mbona basi hatukufa? Nimeulizwa swali hili na wafugaji wenyewe, na ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia semina. Sehemu ya jibu ni kwamba virusi vya ngamia wa Afrika ni vya ukoo tofauti kidogo na vile vya Uarabuni, na vikipimwa maabara kwenye vipande vya mapafu ya binadamu havizaliani kwa kasi ile. Sehemu nyingine ni kwamba anayekufa kwa nimonia kambini mwa wafugaji, kilomita themanini kutoka kwenye kipimo, huandikwa nimonia, kama anaandikwa. Marsabit, wachunga ngamia 262 walifuatiliwa kuanzia 2018 hadi mwanzoni mwa 2020. Watatu walikutwa na kirusi chenyewe. Hakuna kati yao aliyeugua. Habari njema hiyo, na naipokea kama habari njema. Lakini kirusi kinachopata nafasi ya kuingia kwa watu mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, kinastahili kuangaliwa kila mwaka.

Niliwahi kufuatana na kikosi kilichokuja kuchukua sampuli kwenye boma moja. Sitakitaja. Walishuka garini, wakavaa magauni meupe, miwani, barakoa nzito, glavu mbili mbili. Ndama wa miezi kama saba akaletwa. Ndama ndio wenye kirusi zaidi, kinga waliyopewa na mama ikishaisha. Kijana wa boma akamshika taya, mwingine mkia, ndama akabweka kwa ile sauti yao ya kulalama, na kijiti chenye pamba kikaingizwa puani hadi kikapotea. Kilipotoka, ndama akapiga chafya. Makamasi yakamrukia yule kijana usoni na kifuani. Akajifuta kwa kikoi, akacheka, akaenda kumleta wa pili. Alikuwa amevaa fulana na kandambili. Hakuna aliyempa hata barakoa ya karatasi.

Mwenye boma alikuwa amesimama nami kivulini. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hawa wanaogopa kitu gani ambacho sisi hatujaambiwa?"

Sikuwa na jibu la heshima. Na majibu ya sampuli zile, hadi nilipouliza mwaka mmoja baadaye, yalikuwa hayajarudi kwa yule mzee. Jambo hili linanikera kuliko nguo zenyewe. Huwezi kuomba watu wakupe pua za mifugo yao, wakushikie, wakupikie chai, halafu ukaondoka na ukweli wote peke yako. Siku ile utakayowahitaji wakwambie kwamba ndama wanakohoa kuliko kawaida, watanyamaza, na watakuwa na haki.

Saudia walilionja hilo kwa njia yao. Wizara ilipowataka watu wavae barakoa na glavu wanapowahudumia ngamia, mwezi Mei 2014, wafugaji walijirekodi wakiwabusu ngamia wao mdomoni na kusambaza video. Wengine waliwacheka. Mimi sikuweza. Mtu amelelewa na mnyama huyu, baba yake na babu yake wameishi kwa maziwa yake, halafu anasikia redioni kwamba mnyama ni sumu. Ilitakiwa aanze kuambiwa na nani? Na daktari wake wa mifugo anayemjua kwa jina, kwa lugha ya zizini.

Ninavyowaambia wagonjwa wangu ni hivi, na hakuna wa kutishwa. Kama una sukari, au figo mbovu, au umri umekwenda, maziwa yachemshe. Ukimshika ngamia, nawa. Ndama akiwa na makamasi, usimwekee uso wako. Mama mmoja muuza maziwa aliniambia yakichemka yanapoteza dawa yake. Hatukubishana. Nilimuuliza mumewe mwenye sukari anayanywa vipi, akafikiri, akasema, "Huyo tutamtilia kwenye chai." Chai yao huchemka mpaka inafurika. Ilitosha.

Wenzetu wa Saudia, baada ya kuumia mara nyingi, waliweka kitu ambacho mimi nakiona ndicho cha maana kuliko vyote: mtu wa mlangoni. Kabla mgonjwa hajafika benchini, muuguzi anamkagua na kumpa alama. Ana homa, alama. Anakohoa, alama. Amekaribia ngamia au ametumia vitu vya ngamia, alama. Zikifika kiwango, hapitii benchi; anapewa barakoa na kupelekwa chumba cha pembeni. Kesi zimepungua mno tangu hapo. Mwaka 2019 walikuwa bado wanahesabu mamia. Miaka ya karibuni ni wachache tu. Dunia nzima tangu 2012 imethibitisha wagonjwa zaidi ya 2,600 katika nchi 27, na zaidi ya 900 wamefariki, sehemu kubwa wakiwa Saudia. Kirusi hakijaondoka. Mwaka 2025 huko Riyadh mgonjwa mmoja aliwaambukiza wahudumu wa afya sita kabla hajajulikana ana nini.

Watu huniuliza, chanjo je? Ya MERS kwa binadamu haijaidhinishwa bado. Ila kazi iliyofanywa kuitafuta haikupotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliokuwa wakijaribu chanjo ya MERS walikuwa na njia ya kutengenezea chanjo tayari mkononi COVID ilipokuja, na namna ya kuikaza protini ya mwiba, ile ambayo kirusi hujishikia nayo mwilini, isibadilike umbo, iliyotumika katika chanjo kadhaa za COVID, ilifanyiwa kazi kwanza kwenye kirusi hiki cha ngamia. Nilipochomwa chanjo yangu mwaka 2021 niliwakumbuka wagonjwa wa figo wa Al-Hasa.

Ami yuko hai, alhamdulillah. Alikwenda Umra tena mwaka 2019, akarudi na mafua, na safari hii hakusubiri. Alifika kliniki, akasimama mlangoni kabla ya kuketi, akasema kwa sauti ya muadhini: "Nimetoka Saudia juzi, nina sukari, nakohoa. Maziwa ya ngamia safari hii sikunywa." Mkewe alinisimulia akiwa bado na haya. Wakamtolea kiti, akakaa nje barazani.

Zahanati yangu ya sasa iko nje ya mji wa Isiolo. Benchi tulilitoa ndani mwaka 2020 likawekwa chini ya mgunga, na korona ilipotulia nikakataa kulirudisha ndani. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, amekuwa mgonjwa wetu wa presha tangu kabla sijafika. Safari hii ana kikohozi cha wiki nzima na homa ya usiku. Nikampa barakoa, nikaketi naye upande ule upepo unakotoka, nikamuuliza mambo ya kawaida. Kisha nikamuuliza ngamia wako wakoje.

Akanitazama kwa muda. "Miaka yote nakuja hapa," akasema, "mnauliza dawa nimemeza, chumvi nimekula. Za ngamia hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akaanza kueleza. Wana ndama sita. Watatu wana makamasi tangu mvua zianze, mmoja hataki kunyonya. Yeye ndiye anayewafuta pua kila asubuhi, kwa mkono, kwa kuwa kijana wake amekwenda Moyale kuuza madume. Alieleza kila ndama kwa jina na rangi na mama yake, na mimi niliandika. Daftari letu la wagonjwa lina safu ya jina, umri, kijiji, ugonjwa na dawa. Safu ya mifugo haina. Niliandika pembeni, kwa herufi ndogo, mpaka ukingo ukajaa, nikageuza daftari na kuendelea kwenda juu.